Ramani Bila Vipimo

Neno lililotuumbua ni ramani, na nililitia mimi mdomoni mwa baba.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimeenda Ulaya kusoma, na baba alikuwa karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitale, duka la Kalasinga mmoja mpole aliyeturuhusu kutumia simu yake. Siku hiyo simu ilikuwa inakwaruza. Baba akataka kujua hasa nafanya kazi gani huko, maana watu wanamuuliza. Mimi si mtu wa subira, nikamwambia nachora ramani. Nilikusudia kuongeza kwamba ni ramani ya elektroni zilizomo ndani ya protini, lakini nikaona nitapiga kelele bure. Nikamsikia akiwageukia wateja na kuwatangazia, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, kwamba mtoto wake anachola lamani.

Baba ni Mbukusu wa Bumula, na kwake r na l hazikuwahi kugombana, yoyote iliyofika kwanza ndiyo iliyotumika. Hilo halikuniudhi. Kilichotuponza ni maana ya lile neno, wala si matamshi yake.

Trans Nzoia ya wakati ule, huko kwetu Kitale, ukitaja ramani hakuna aliyefikiria picha ya Afrika kwenye ukuta wa darasa. Ramani ilikuwa shamba. Wazungu walikuwa wameuza mashamba yao makubwa, watu wakachangishana, baba akiwemo, wakayanunua kwa vyama, kisha wakakaa kumngoja savea, mpima ardhi, aje kuwakatia vipande vyao. Wako waliongoja mpaka wakafa. Savea akija alichinjiwa kuku, akakalishwa kwenye kiti chenye mto, na mtu mwenye mtoto savea hakupitwa na salamu njiani. Kwa neno langu moja, baba aliyekuwa akihesabu misumari akawa mzazi wa savea wa Ulaya.

Kazi yangu yenyewe ilikuwa hivi. Unachukua protini, na yangu ilitoka kwenye maharagwe, ile ile inayokuvuruga tumbo ukila maharagwe ambayo hayajaiva. Unaisafisha, unaibembeleza mpaka igande iwe fuwele, punje inayometa kama chumvi ya mawe. Unaipiga eksirei. Miale hutawanyika na kuacha madoa kwenye filamu, madoa mengi ajabu, na kila doa lazima upime weusi wake. Hivyo ndivyo vipimo. Kutokana na vipimo kompyuta hukokotoa mahali elektroni zilikosongamana na mahali palipo patupu, kisha huchora mistari ya kuzunguka kila penye msongamano, jinsi ramani ya mlima inavyochorwa ili ionyeshe kimo. Siku zile tulichora mistari hiyo kwenye karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga. Ukizipanga moja juu ya nyingine unaona vilima na mabonde. Basi unakaa nazo, macho yanakuwasha, unapitisha mnyororo wa protini katika vilima hivyo mpaka mwisho. Mnyororo huo ndio kielelezo. Penye kilima kilichosimama vizuri huna shaka. Penye ukungu unakisia, na ulichokisia unakichora kwa wino ule ule wa kile unachokijua.

Kielelezo kikikamilika kilipelekwa kwenye hazina moja ya kimataifa, mahali pa kuwekea vielelezo vya protini ili mtu yeyote duniani avichukue. Lakini vipimo, kuvipeleka au kutovipeleka kulikuwa hiari. Na bila vipimo hakuna mtu mwingine anayeweza kuichora ile ramani upya na kutazama kama kweli mnyororo unapita pale ulipodai. Atakuamini tu. Profesa wangu, mzee mmoja mwenye akili nyingi na kikohozi, hakupenda kabisa kuvitoa. Alisema tumevitolea jasho, tuvikalie kwanza, kuna wenzetu wanaonyemelea maharagwe yale yale. Karibu wote walifanya hivyo, nami sikuona ubaya. Kwenye ramani yangu palikuwa na mahali pa ukungu, kipande kifupi cha mnyororo kilichopinda, na moyoni nilishukuru kwamba hakuna atakayekuja kukikagua.

Nilipokuja nyumbani mara ya kwanza nilijaribu kumweleza baba. Nikamchorea mezani, nikatafuta na mifano. Akatikisa kichwa kwa makini, akauliza maswali mawili matatu ya maana, na Jumapili akanisimamisha kanisani kama savea wetu. Nilipomkaripia tukiwa njiani akaniuliza kwa upole kama ile kazi si ya lamani. Nikasema ni ya ramani. Akasema basi. Mama alicheka mpaka akashika mti.

Halafu mama akafa. Niliambiwa kwa simu ile ile ya dukani, na sikuweza kufika kwa mazishi. Niliyoyasikia ni kwamba baba mkubwa, kaka yake baba, alipanda kutoka Bumula na gari la kubebea maiti ili mke wa ndugu yake akazikwe kwa wazee, kwenye ardhi ya ukoo. Baba alikataa. Mbele ya waombolezaji wote alisema nyumbani ni pale mtu ana shamba yake, na yeye shamba yake iko hapa. Wakamzika mama kwenye ukingo wa shamba letu, kando ya ua wa michongoma, chini ya mgrevilea ambao mwenyewe aliupenda kwa kivuli chake. Baba mkubwa na watu wake waliondoka bila kuonja chakula. Kwetu sisi hiyo si shibe wala haraka ya safari, ni maneno, tena makali.

Nilirudi mwanzoni mwa miaka ya tisini ili tulijengee kaburi la mama kwa simiti. Ndani ya sanduku nilibeba zile karatasi za plastiki. Makala yetu ilikuwa karibu kuchapishwa, profesa alikuwa ameniachia nitayarishe kielelezo cha kupelekwa kwenye hazina, na nilitaka kukitazama tena kile kipande chenye ukungu nikiwa nimetulia. Nilitaka pia baba aone kwa macho yake kazi iliyonizuia kumzika mama.

Fundi alipofika na mchanga wake, jirani alivuka kuja kwetu. Alikuwa mama mjane, familia yao ilihamia huko kutoka Nyeri, na siku ya matanga yeye ndiye aliyesimamia sufuria kubwa. Alisimama akijikunja vidole. Alisema hana ubaya wowote, ila wanawe wamekua na anataka kuwagawia, na huu ua anauona umepinda, kwa hiyo kabla simiti haijamwagwa afadhali tutazame mpaka. Alisema hivyo kwa kujikaza mno, na ningekuwa na akili ningeona kwamba naye aliona aibu.

Baba hakuona hilo. Alimwita mwizi, mbele ya fundi. Akamwambia savea yuko hapa nyumbani na watu wataona.

Mimi niliyajua mengine mabenchi yalipoanza kutolewa. Baba alikuwa amemwalika naibu chifu, amewaita majirani wa kule juu na kule chini, na kwa kiburi kilichomjaa siku hiyo alikuwa ametuma neno hadi Bumula ili baba mkubwa naye aje ashuhudie. Nilimvuta nyuma ya jiko. Nikamwambia unajua vizuri sana kwamba ramani yangu ni ya maharagwe.

"Mayi," akasema, maana nimerithi jina la mama yake na hivyo ndivyo alivyoniita daima, "najua. Lakini hawa watu hawajui. Wewe onyesha tu lamani, watanyamaza."

Nilimkasirikia sana. Nilimwona mzee mjanja, anataka kutumia elimu yangu kama kofia ya polisi aliyoiokota. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie hivyo, nikaufunga, kwa sababu maneno yake nilikuwa nimeyasikia mahali pengine. Onyesha tu mchoro, watanyamaza. Ndivyo tulivyokuwa tukijiandaa kufanya mimi na profesa, kwa Kiingereza safi na katika jarida la heshima. Niliona haya usoni hadi masikioni. Sikumwambia baba lolote, akadhani nimekubali.

Naibu chifu alikuja na nakala ya mchoro wa shamba zima, ule uliotolewa wakati wa kukata vipande. Mpaka wetu ulionekana pale, mstari mmoja ulionyooka, mweusi, umejiamini. Ila urefu wake kutoka jiwe la mpaka hadi jingine haukuandikwa, na karatasi za vipimo ambazo savea yule aliandika akiwa shambani hakuna aliyejua ziliko. Alipima, akachora, akaondoka nazo. Kwa hiyo mchoro ulisema mstari umenyooka lakini haukusema unapita wapi, na kila upande ukaushika na kuona unawaunga mkono.

Baba akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu. Akaeleza jinsi nilivyovuka bahari, jinsi wazungu wenyewe wananitegemea, kisha akazichukua karatasi zangu za plastiki mikononi mwangu na kumpa kaka yake kwanza, kwa heshima na pia kwa kumkomesha. Baba mkubwa aliinua moja juani. Mistari ya buluu ikatoka, duara ndani ya duara. Akaitazama kwa muda, midomo ikimcheza, halafu akamwonyesha naibu chifu kwa kidole.

"Hapa si ni Cheptais? Angalia vile mlima inapanda."

Naibu chifu akakubali kwamba inaweza kuwa Cheptais. Karatasi zikapita benchi hadi benchi, watu wakizishika pembeni ili wasizichafue, na kila aliyemaliza kutazama alinitazama mimi kwa heshima ambayo sijawahi kupewa tena na mkutano wowote wa wanasayansi. Kweli baba aliwajua watu wake. Wakanyamaza. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza pamoja nao.

Karatasi zikamfikia jirani. Akaiweka moja mapajani, akaipangusa vumbi kwa ncha ya leso, akaichunguza kwa dhati, mwisho akaniuliza bila ubishi wowote:

"Mwanangu, na kaburi ya mama iko wapi hapa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kama angenipinga ningepata pa kushika, kwa maana mimi kubishana nimezaliwa nako. Lakini aliuliza kwa sababu aliamini. Nikasema hiyo si ramani ya shamba, mama. Nikasema ni ya protini. Mtu akauliza protini ni ya nini, nikasema ya maharagwe.

Kicheko kilianzia kwa vijana wa nyuma kikaja mbele. Si kicheko kibaya, na ningekuwa mgeni pale ningecheka nami. Baba mkubwa hakucheka. Alirudia polepole, akiwa amemkazia macho ndugu yake, ati huyu mtoto alivuka bahari akachole lamani ya maharagwe. Baba akakaa. Alikaa jinsi mtu anavyokaa akiambiwa habari ya msiba, akitafuta benchi kwa mkono. Wahenga walisema mvuliwa nguo huchutama, na mimi ndiye niliyemvua.

Hapo ndipo hasira yangu iliponipanda, na sijui hata nilimkasirikia nani. Nikapaza sauti. Nikasema achaneni na michoro, yangu na hiyo ya serikali. Savea aliweka bikoni, ndiyo hayo mawe ya mpaka. Zile nondo zilizomwagiwa zege haziozi wala hazihami, ziko chini ya udongo, moja kule barabarani na nyingine kule mtoni. Zichimbueni mvute kamba. Kamba haimjui mtu.

Naibu chifu akaona ni neno la maana. Baba alinitazama mara moja tu. Nilidhani bado anawaza aibu ya maharagwe.

Ya barabarani ilionekana haraka. Ya mtoni ilisumbua, walichimba huku na huku mpaka jembe likalia kwenye zege. Wakafunga kamba ya katani. Upande mmoja alishika kijana wa jirani, na upande mwingine, kwa kuwa alikataa mtu mwingine asishike, alishika baba. Wakaivuta ikakaza. Kule chini na kule juu ilifuata ua karibu kabisa. Ila katikati, pale kwenye mgrevilea, ua uliiacha kamba ukatokeza kama tumbo kuingia kwa jirani, ukaukumbatia mti, kisha ukarudi kwenye mstari. Mti ulikuwa wa jirani. Kaburi lote la mama lilikuwa kwa jirani.

Niliwasikia ng'ombe wakitafuna. Baba aliendelea kuishikilia kamba ile imekaza, kana kwamba akiilegeza ndipo itakapokuwa kweli, mpaka naibu chifu alipomwambia aiachilie, mzee, tumeona.

Baba mkubwa alimsogelea ndugu yake. Sikutegemea afanye hivyo mbele za watu, lakini alifanya.

"Ulituambia nyumbani ni pale mtu ana shamba yake," alisema. "Sasa tulikuachia mama wa watoto ukamzika kwa wenyewe."

Nimesoma vitabu vingi na nimekaa na watu wenye ndimi kali, na bado sijasikia maneno mazito kuliko hayo. Baba alivua kofia. Sijui alimvulia nani, kaka yake au kaburi. Jirani ndiye aliyetuokoa, kama kule ni kuokolewa. Alikuja katikati yetu, leso mkononi, akasema na baba peke yake.

"Baba watoto, kaburi haiguswi. Itakaa hapo kwangu ikiwa amana. Leteni simiti yenu mjenge."

Mtu uliyemwita mwizi akikufanyia wema, huna pa kuuweka uso. Baba alimshukuru. Alimshukuru ipasavyo, kwa mikono miwili, na kila neno nililiona likimtoka kwa shida. Mimi nilikusanya karatasi zangu kutoka kwenye mabenchi. Moja ilikuwa na alama ya kidole gumba, karibu na kilima kizuri kuliko vyote.

Asubuhi yake nilimkuta ameketi nje na chai iliyopoa. Nilimwambia pole, na kwa kuwa nina ubishi nikaongeza kwamba lakini ukweli ni ukweli, na kwamba angekubali mpaka utazamwe kimyakimya siku ya kwanza tusingeumbuka. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia, bila hasira, kitu ambacho tangu siku hiyo sijakipatia mahali pa kukaa moyoni. Ule ua aliupanda mama. Mwaka waliopewa kipande chao, baba akiwa kazini dukani, mama alitembea na miche yake akapanda kwa kufuata mawe, na alipofika kwenye ule mti, ambao ulikuwa mti pekee katika vipande vyote viwili, akapinda. Aliupenda mti. Kipande cha jirani kilikuwa bado hakina mtu. Baba aliporudi akauliza, mama akamwambia nyamaza, nani atapima. Wakacheka. Baadaye jirani alipohamia, wakaona haya kusema.

"Mimi nilijua mahali kamba itapita," akasema. "Nilitaka isivutwe tu."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Baba alikuwa mwoshaji, alikuwa ameificha aibu ya mama chini ya neno langu, ramani, akaifunika na fahari yake yote na koti lake la harusi, na mimi nikaagiza majembe. Nilimfedhehesha baba mbele ya Bumula na Kitale, hilo nilikuwa nimeshalijua. Sasa nikajua kwamba nilimfedhehesha na mama pia, aliyenicheka njiani akashika mti. Nililia mbele ya baba kwa mara ya kwanza tangu nivunje ungo. Hakuninyamazisha. Alimwaga chai akaenda kazini.

Nilirudi Ulaya. Kielelezo kilikuwa tayari, zimebaki hatua ndogo ndogo, na profesa akaniuliza mbona sikipeleki. Nikamwambia nitakipeleka pamoja na vipimo vyote vya madoa, ili atakayetaka aichore ramani mwenyewe. Alikohoa sana. Alinikumbusha habari ya wenzetu wanaonyemelea, akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba mtu akitoa vipimo watu hutafuta makosa. Nilimjibu vibaya, nikaomba radhi, nikarudia ombi langu. Sikuweza kumweleza habari ya kamba ya katani. Ningeanzia wapi? Wiki nzima tulipishana kwenye korido bila salamu, kisha akaja akasema peleka. Tukavipeleka kwa utepe wa kompyuta, na kwa muda mrefu hakukutokea lolote.

Baadaye likatokea. Watafiti wa nchi nyingine, watu ambao sijawahi kuwaona, walivichukua vipimo vyetu, wakaichora ramani upya kwa programu iliyo bora kuliko yetu, na ukungu wangu ukawatawanyikia. Kile kipande nilichokikisia hakikupinda nilivyokipindisha. Kilikwenda upande mwingine. Waliandika hivyo kwa adabu kubwa, wakatushukuru kwa kuviweka vipimo wazi, na wakatutaja majina. Profesa hakuniambia nilikuonya, jambo ambalo lilizidi kuniumiza. Kila nilipoingia kwenye chumba cha chai nilihisi watu wamebadilisha mazungumzo. Wahenga wana msemo mwingine, mficha uchi hazai, na naukubali, kwa kuwa kielelezo kilichosahihishwa ndicho wanachokitumia watu hadi leo. Lakini nisidanganye kwamba kukubali huko kulinipoza. Niliwaka aibu majira yote ya baridi. Niliwaza pia kwamba mimi kosa langu lilirekebishwa kwa mistari michache ya chapa, wala hakuna aliyehitaji kuvua kofia.

Ule ua ulishang'olewa, na mahali pake ukawekwa mwingine wa seng'enge, ulionyooka. Baba mkubwa hajakanyaga tena kwetu. Kila nikifika likizo kazi yangu ya kwanza ni kung'oa magugu kwenye kaburi la mama. Nazunguka kwa barabara, nabisha hodi langoni kwa jirani, na mwenyewe hutoka akinifuta vumbi begani kama mtoto wake, akiniambia ingia tu, hapa ni kwenu. Naingia nikitazama chini, kwa maana sote wawili tunajua si kwetu.

Baba huja mpaka kwenye seng'enge. Husimama upande wake, fimbo mkononi, akinionyesha magugu niliyoyaruka, pale karibu na kichwa, hapana, pale. Nimemwomba mara nyingi avuke aje akae kidogo na mke wake. Husema siku nyingine, leo viatu vyake vina matope.